Tulivyoupiga Mnada Msaada

Watu wa Nkowe wanasema mimi nina mdomo, na sikatai. Nimezaliwa Nachingwea, nikaolewa huku Ruangwa, na tangu nifike kwa mume wangu mpaka sasa nina wajukuu, sijawahi kulala na neno kifuani. Mume wangu hunitania kwamba hata mbuzi wakiniona nimefunga kanga kiunoni hurudi zizini wenyewe. Kwa hiyo nikisimulia jinsi sisi wanawake wabangua korosho tulivyoukataa msaada wa Ulaya mbele ya wageni, pilau ikiwa bado jikoni, mtu asidhani nimeongeza chumvi. Kama kuna kilichopungua humu, ni matusi.

Kikundi chetu kina banda kando ya barabara. Mimi ndiye katibu, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na kwa sababu siku ya uchaguzi hakuna aliyetaka kubishana nami. Mwenyekiti wetu ni bibi mmoja Mmwera, mfupi, sauti yake ya chini, mwenye shamba lake la mikorosho upande wa kwenda Nandagala. Kiswahili chake ni cha sokoni na cha mikutano ya ushirika. Anachosema ni kidogo, na akishasema harudii.

Kubangua ni kazi ya shida, lazima niieleze kidogo. Korosho ghafi unaichemsha, unaianika, halafu unaipasua mojamoja kwa mashine ndogo: mguu unashusha kisu, mkono unageuza, ganda linaachia. Mafuta ya lile ganda yanachubua vidole hata ukijipaka majivu. Mimi nilipokwenda mjini Ruangwa kusajili laini ya simu, kile kidude cha alama za vidole kilinikataa vidole vyote kumi. Dada wa laini akaniuliza kwa adabu kabisa kama mimi ni mtu wa kweli. Nikamwambia aniguse.

Lakini ni kazi yetu wenyewe. Korosho zetu tunaziuza stendi ya Ruangwa, mabasi ya Lindi na ya Dar yanapoondoka, tunaziuza soko la Nachingwea, tunapokea oda za harusi na za maulidi. Mwaka ambao mnunuzi mmoja analeta maringo, tunampa mgongo na kwenda kwa mwingine. Mwenzetu mmoja amesomesha watoto kwa zile pakiti za stendi, mwingine alimfukuza mume mlevi kwa jeuri ya pakiti hizohizo. Hilo ndilo lililokuja kuwekwa mezani siku ile, nalitamka mapema ili tusizungushane: kama mwanamke wa Nkowe ataendelea kumchagua mwenyewe mtu wa kumuuzia korosho yake, au atachaguliwa.

Shida yetu kubwa ilikuwa bati. Banda lilikuwa linavuja, na korosho iliyokaushwa ikipata unyevu inalainika na kuota ukungu, hata mbwa hali. Masika moja tulipoteza karibu kazi yote ya msimu, tukalia kama tumefiwa. Kwa hiyo ulipokuja mradi kutoka nje, wakasema wanasaidia vikundi vya wanawake, sisi hatukujivunga hata kidogo. Tulifagia mpaka barabara.

Ninajua mambo ya miradi kuliko ninavyotaka kujua. Babu yangu mzaa mama alikata visiki kwenye mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza kule Nachingwea, ule mpango wao wa kuulisha ulimwengu mafuta. Alisema waliyaleta matrekta makubwa kuliko nyumba, wakajenga na reli, karanga zikagoma, wakaondoka, na baadaye reli ikang'olewa. Hakuna aliyemuuliza mkulima wa pale kama udongo ule unataka kufanyiwa hivyo. Mimi nikakua na vibao vya miradi barabarani, hiki cha maji, hiki cha alizeti, vingine vimebaki vibao tu. Kila kundi la wafadhili huja na maneno yake, yanabadilika kama mitindo ya kanga. Nilipokuwa msichana tuliitwa walengwa. Nikaolewa, tukaitwa wadau. Safari hii bwana mradi, kijana wa Kitanzania aliyetoka Dar, msafi, mwenye heshima, alituita wajasiriamali katika mnyororo wa thamani. Wenzangu wakapiga vigelegele bila kujua wamepewa cheo gani.

Siku ya mkutano wageni walikuja na gari mbili. Pamoja na bwana mradi alikuwepo mzungu mmoja, mrefu, shingo nyekundu kwa jua, aliyejifunza Kiswahili darasani na kukisema taratibu kama anavuka mto kwa kukanyaga mawe. Huyo ndiye aliyekuwa mshauri wa mradi, mwenye kusema ndiyo au hapana. Tulimkalisha kwenye kiti chenye foronya. Wanaume wa kijiji walijaa nje ya banda, maana harufu ya pilau ilikuwa imeshafika msikitini.

Bwana mradi akasimama akasoma. Bati jipya, sakafu ya saruji, oveni ya kukaushia, mashine za kubangulia za kisasa. Kila akitaja kitu, vigelegele. Kisha akasoma masharti, na simlaumu, aliyasoma wazi, tena kwa fahari. Kwa miaka kumi korosho yetu yote ingekwenda kwa kampuni moja ya nchi ya wafadhili. Bei ingepangwa na kampuni kwa kufuata soko la dunia. Stendi tungeacha, Nachingwea tungeacha, oda za harusi tungeacha, kwa sababu kuuza ovyo kunaharibu jina la bidhaa. Alimaliza, akatabasamu, akakaa.

Hapa inabidi mtu aelewe mnada wetu. Huku kusini korosho ghafi inauzwa mnadani kupitia ushirika. Tunakusanyika uwanjani, wakulima wote, na bei za wanunuzi zinasomwa mbele yetu. Zamani zilikuwa zinatoka kwenye sanduku, siku hizi zinatoka kwenye kompyuta, lakini ni lazima zisomwe, na zisomwe zote, fulani katoa hivi, fulani katoa hivi. Zikiisha, tunaulizwa: tunauza, hatuuzi? Tukisema hatuuzi, mnunuzi anarudi na gari lake tupu, na hakuna wa kutugombeza. Mkulima wa huku amezaliwa katika hilo. Hajawahi kusikia bei moja ikasomwa peke yake, ni sawa na kusikia adhana imeishia katikati.

Basi Bibi Mwenyekiti, aliyekaa miaka yote katika viwanja vile vya mnada, aliposikia msomaji amesoma masharti ya mnunuzi na kukaa, aliona ni mnada. Nilikuwa ubavuni mwake na ninaapa hakuwa anafanya dhihaka. Aliinuka, akarekebisha mtandio, akasema kwa sauti yake ileile ya chini, "Tumeisikia ya kwanza. Sasa tusomee ya pili."

Bwana mradi akamwuliza ya pili ipi. Akajibiwa, ya mnunuzi wa pili. Akaeleza kwa upole kwamba hakuna wa pili, kampuni ni hiyo moja, ndio ubia. Bibi akamtazama, akafikiri, kisha akafanya linalofanywa siku zote bei zikiisha kusomwa. Aliwageukia wanawake.

"Kina mama, tunauza, hatuuzi?"

"Hatuuzi," wakasema wote, na mimi nikiwamo. Ilitoka kinywani kabla haijapita kichwani. Vidole vikawa vimeshapanda juu kama uwanjani.

Tulishusha mikono, tukatazamana, na hapo ndipo tulipoelewa tumefanya nini. Tulikuwa tumekataa bati. Bwana mradi alikuwa mweupe kuliko yule mzungu. Bibi Mwenyekiti akakaa, akakunja mikono, na uso wake ukaonyesha kwamba kwake yeye jambo limekwisha, mnunuzi hakufika bei. Pilau ililiwa harakaharaka, na gari ziliondoka kabla ya sala ya alasiri.

Jamani, tulisemwa. Wanaume waliokula pilau yetu wakasimama barabarani wakituita wendawazimu. Bodaboda walinitania kwamba sasa tumwombe Mungu atupe bati kwa mnada. Wenzetu wawili walikuja nyumbani kwangu wakilia, wakasema turudi tukaombe radhi, mvua ziko njiani, masika mengine kama yale yatatumaliza. Na lawama zote zikanidondokea mimi, kwa sababu bibi mpole hakuna anayemsema, ila mwenye mdomo yupo. Mume wangu tu ndiye hakunilaumu. Alisema hajawahi kuona mbuzi anauzwa kwenye gunia halafu mwenye gunia akasifiwa ukarimu.

Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu. Niliogopa kwamba tumeiharibu kesho yetu kwa mazoea ya uwanjani. Lakini kadiri nilivyolifikiria, ndivyo nilivyoona kwamba vinywa vyetu vilikuwa na akili kuliko sisi. Miaka kumi! Hata mume nilimchunguza kwanza.

Mzungu akarudi, safari hii kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi, bila bwana mradi. Alitukuta kazini. Hatukumpa kiti chenye foronya, tulimpa gunia, na mwenzetu mmoja akampa mashine ajaribu. Alivunja korosho tatu vipandevipande, tukamcheka, akacheka, na hapo akawa mtu wa kusema naye. Aliuliza kwa nini tumekataa kitu kizuri. Nilimwambia kitu ni kizuri, ila mlango wake ni mmoja na ufunguo mnao ninyi.

Akatueleza mambo ambayo nadhani hakupaswa kutueleza. Kwao, ofisi ya misaada ilikuwa peke yake. Sasa viongozi wapya wameichukua wameiweka chini ya ofisi ya biashara. Waliwaahidi wapiga kura kwamba kila msaada unaotoka utarudi nyumbani ukiwa na faida. "Bosi wangu haniulizi banda lenu linavuja au halivuji," alisema. "Ananiuliza kampuni zetu zimepata nini." Na mradi ukirudisha fedha ambazo hazikupata wa kuzipokea, mwakani unafutwa, na yeye anafutwa nao.

Nilimwangalia yule mtu mzima amekaa kwenye gunia, vidole vimeanza kuwasha kwa mafuta ya ganda, na kitu kikafunguka kichwani mwangu. Miaka yote tuliamini mwenye kutoa ndiye mwenye nguvu, na anayepokea ni wa kuinama tu. Kumbe naye ana mzigo wa kuuza. Yuko kijijini kwetu anatembeza msaada wake kama sisi tunavyotembeza pakiti dirishani kwa abiria, na basi linakaribia kuondoka. Nguvu anazo, sikatai, nyingi kuliko zetu. Lakini alihitaji ndiyo yetu, na ndiyo yetu ilikuwa bado iko kwetu.

"Mshauri," nikamwambia, "ninyi ndio mliotuhubiria soko huria, toka sijaota mvi. Mkasema mashindano ndiyo dawa. Mbona mkifika kwenye korosho yetu mashindano yanakuwa dhambi? Hiyo kampuni yenu kama ni nzuri, si ije mnadani?"

Akasema sera hairuhusu. Nikamwambia sera imeandikwa na watu. Akasema itabidi awaandikie wakubwa. Bibi Mwenyekiti, ambaye nilidhani hasikilizi, akasema bila kuinua macho kwenye mashine yake, "Waandikie. Sisi tupo."

Sitasahau zile wiki za kungoja. Mawingu yalianza kujikusanya, tukaweka maturubai, tukakesha na ndoo zikipokea matone, na kila mwenye mdomo kijijini akapata mada. Nilikuwa nikisikia pikipiki, ninatoka barabarani. Tulikubaliana lakini, hata waliolia kwangu walikubali: bati likija na kamba shingoni, tutaendelea kukinga ndoo.

Alipokuja, alikuja na bwana mradi, na bwana mradi alikuwa anacheka. Mshauri alikuwa amewaandikia wakubwa wake kwamba wanawake wa Nkowe wanadai ushindani wa wazi, bei zisomwe hadharani, na mnunuzi bora ashinde. Basi wakubwa wangesema nini? Hayo ni maneno yao wenyewe, wameyapaka kwenye kila kibao kuanzia Lindi mpaka huku. Kuyakataa kungekuwa kujikataa. Wakaridhia bati, sakafu na oveni bila miaka kumi. Kampuni yao, walisema, itapewa nafasi ya kushindana kama wengine. Bwana mradi alilisoma hilo la mwisho mara mbili, sisi tulimwomba alirudie kwa utamu wake.

Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Mume wangu alivisikia akiwa shambani, akadhani kuna anayeolewa.

Bati lilipigiliwa kabla mvua hazijakolea. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza wanawake kadhaa tulikwenda bandani bila kuitana, tukakuta wenzetu wameshafika, tukakaa chini ya lile bati tukiisikiliza mvua ikipiga na isiingie. Mmoja alisinzia kwenye magunia makavu akakoroma, na tulimwacha.

Msimu ulipofika tukapanga mnada wetu. Hatuna kompyuta, tulitumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na kila mnunuzi alitakiwa atumbukize bahasha yake mwenyewe mbele ya watu. Tulipeleka habari soko la Nachingwea, tukapeleka kwa mama mmoja wa Dar mwenye duka ambaye huwa anatuma mizigo kwa basi, tukapeleka kwa kampuni kupitia mradi. Tuliamua pia, kwa kura, kwamba fungu la stendi haliingii ndooni hata aje nani. Hilo ni letu na la watoto wetu.

Mnada wa kwanza kampuni haikutuma mtu, ilituma bahasha tu kupitia kwa bwana mradi. Nilisoma mimi. Mfanyabiashara wa Nachingwea alikuwa juu, mama wa Dar alimfuata karibu, na kampuni ilikuwa chini kabisa, chini hata ya bei ya soko la dunia, ambayo tulisomewa kwa fahari kwamba wataifuata. Nikaangalia umati. Wanaume walewale waliotuita wendawazimu walikuwa wamejaa barabarani, safari hii bila pilau, na walikuwa wanasikiliza kwa makini. Bibi Mwenyekiti akauliza, wanawake wakajibu, na korosho ikaenda Nachingwea.

Nilikwenda nayo, nimekaa mbele ndani ya lori, mpaka mjini nilikozaliwa. Nilimwomba dereva apite polepole ule upande wa mashamba ya zamani ya karanga, ambako sasa kuna mikorosho ya watu na mbaazi zao. Nililia, lakini si kwa huzuni. Nilijisikia mkubwa kama nyumba, na dereva aliponiuliza kama ninaumwa nikamwambia aangalie barabara.

Mnada wa pili ndio ninaoupenda kusimulia. Asubuhi ilikuja gari nyeupe, akashuka wakala wa kampuni, bwana wa makamo mwenye miwani na mkoba, amesafiri toka Dar. Wengine walikuwa wameshajipanga na bahasha zao: yule wa Nachingwea, mama wa Dar ambaye safari hii alikuja mwenyewe, na vijana wawili wa Lindi ambao hatukuwajua kabla. Mshauri wa mradi alikuwa amesimama pembeni na chupa yake ya maji. Wakala hakuangalia upande wowote. Alipita katikati ya watu moja kwa moja mpaka kwenye magunia chini ya bati jipya, akachota korosho kiganjani, akaanza kuwaelekeza vibarua wake waanze na yale ya ukutani.

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na maneno ya kumtosha yeye na kampuni yake na wapiga kura wao. Bibi Mwenyekiti akanigusa mkono nikanyamaza, akatembea mpaka alipo yule bwana, akamfungua vidole kwa upole, akaichukua korosho na kuirudisha guniani.

"Karibu, baba," akamwambia. "Foleni inaanzia kule."

Wakala akamtazama mshauri, aliyekuwa amekunywa maji akapaliwa. Akatutazama sisi. Kisha akaitoa bahasha kwenye mkoba, akatoka nje kwenye jua, akaenda akasimama nyuma ya vijana wa Lindi.